Kelele Moja Iliyobaki

Daktari alipowasha kisu, skrini ikasema moyo wa mama yangu umeingia wazimu.

Akakizima. Moyo ukatulia.

Akawasha tena. Mistari ikaruka juu chini kama ya mtoto aliyeachiwa kalamu na ukuta mweupe, kengele ya mashine ikaanza kulia.

Akazima. Kimya.

Mama alikuwa ameshalala kwa nusu kaputi, hajui lolote. Wakamwamsha, wakamrudisha wodini na goita yake shingoni vilevile, haijaguswa.

Wiki iliyofuata wakampeleka tena. Safari hii hawakumpa hata usingizi. Walimfunga zile waya za kifuani, wakawasha kisu pembeni kujaribu tu.

Yaleyale.

Manesi wakaanza kunong'ona kwamba kile chumba kina mtu asiyeonekana.

Naandika haya kwa sababu nimeanza kusahau vitu vidogo, na vitu vidogo ndivyo nilivyobaki navyo. Nimechoka. Nikienda polepole mnivumilie.

Mimi nauza zipu, vifungo na nyuzi za kushonea pale Kariakoo. Tunakaa ghorofa ya tatu kwenye jengo la zamani upande wa Gerezani, ngazi zake zina giza hata saa sita mchana.

Mume wangu ni Khalfani, fundi wa spika na ampilifaya. Kibanda chake kiko hapo hapo Gerezani, katikati ya watu wa vyuma. Ukipita ukasikia nyundo zinagonga, halafu katikati yake sauti ya mtu anasema "haloo, haloo, moja mbili", ujue ni kwa Khalfani.

Mama yangu, Bi Moza, alikuja kutoka Lindi kutibiwa ile goita. Ilikuwa imeshaanza kumbana koo. Akilala chali anakoroma kama mtu anayekabwa, na mimi naamka kuhakikisha bado anakoroma.

Daktari alituambia wazi: ikitolewa mapema atapona. Ikiachwa, iko siku itaziba njia ya hewa.

Na alitaka kuitoa kwa hicho kisu. Hakina makali kama wembe. Ncha yake inatetemeka kwa kasi ambayo sikio halisikii, na ule mtetemo ndio unaokata nyama na kuziba mishipa hapo hapo. Goita ya mama ilikuwa imejaa mishipa. Kwa kisu cha kawaida daktari aliogopa damu.

Lakini kisu kikiwaka, moyo hauonekani kwenye skrini. Na hakuna daktari mwenye akili zake atakayempasua mtu wakati hajui moyo wake unafanya nini.

Nesi mmoja, msichana mpole tu, akamwambia mama, "Bibi, moyo wako hausomeki."

Alimaanisha skrini.

Mama alisikia kingine.

"Moyo usiosomeka," aliniambia tulipofika nyumbani, "ni moyo uliokwisha, mwanangu. Wameogopa kuniambia tu."

"Mama, ni mashine."

"Mashine mara moja sawa. Mara mbili?"

Kuanzia hapo akaacha kushuka ngazi. Akawa anashika kifua akitoka chooni. Akagawa kanga zake. Ile ya rangi ya zambarau, ambayo alikuwa haivai ila kwenye harusi, akanipa mimi.

"Nirudisheni Lindi," akasema. "Niende nikiwa naona njia. Sitaki kusafirishwa kama mzigo."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunampoteza, kwa neno moja. Goita ilikuwa inasubiri tu zamu yake.

*

Siku ile Khalfani alirudi jioni. Alikula, akanawa, akakaa dirishani anatazama mabasi ya mwendokasi.

Kesho yake alikuja Zakayo.

Zakayo ni fundi wa mashine wa ile hospitali. Amesomea kabisa, ana cheti chake. Urafiki wake na Khalfani ulianzia kwenye spika za kanisani kwao zilizokuwa zinanguruma mchungaji akiomba.

"Oya mwanangu," akasema hata kabla hajakaa, "shikamoo mama. Shem, mambo? Mwanangu, kile chumba kimenishinda."

"Umefungua kisu?"

"Nimefungua, nimefunga. Kisu kizima. Skrini nzima. Kila mmoja akiwa peke yake ni mtakatifu. Ukiwaweka pamoja wanaanza fujo."

Khalfani akacheka. "Kama ampilifaya na maiki."

"Ndiyo nimekuja. Wewe ngurumo ndiyo kazi yako. Mimi hizi kelele nazijua kwenye kitabu, wewe unaishi nazo."

Mama alikuwa amejilaza kwenye kochi, mtandio umefunika shingo. Akafungua jicho moja.

"Kelele gani hizo?"

"Za umeme, mama," Khalfani akamjibu, akiwa amekaa mbali kidogo na amekunja mikono kama anavyokaa siku zote mbele ya mkwewe. "Waya wa kitu kimoja unamwagia mwenzake uchafu. Kwenye spika inatoka ngurumo. Kwenye skrini inatoka mistari."

"Kwa hiyo si moyo wangu?"

"Bado sijaona, mama. Nikiona nitakwambia."

Hakumpa matumaini ya bure. Hiyo ilikuwa tabia yake, na wakati mwingine iliniudhi.

Zakayo akaomba ruhusa kwa daktari, daktari akakubali kwa furaha. Alikuwa amechoka na yeye. Jumapili, chumba kikiwa hakina kazi, wakaingia.

*

Sehemu hii alinisimulia Khalfani mwenyewe jioni ile, na alicheka mpaka akashika ubavu. Nilicheka naye.

Walihitaji vitu viwili. Nyama ya kukatia, na kifua cha mtu hai cha kufungia waya za moyo.

Nyama waliipata buchani, steki nzuri.

Kifua ndiyo ikawa shughuli. Zakayo alivua shati, lakini Zakayo kifuani ana msitu. Vibandiko vya waya vilikuwa vinakaa kidogo vinadondoka.

"Vaa shati, tutapotea humo," Khalfani akamwambia, akavua la kwake.

Alikuwepo na dada mmoja anaitwa Sofia, mtaalamu wa usingizi, ndiye mwenye kuitazama ile skrini mgonjwa akilala. Alimbandika Khalfani kifuani na ubavuni, akarudi kupanga dawa zake.

Zakayo akagusa nyama kwa kisu. Moshi kidogo, harufu ya mishikaki, na skrini ikachafuka yote.

"Kelele hiyo," Khalfani akasema.

Sofia akageuka. "Kelele gani? Mbona kimya?"

"Ya macho, dada yangu."

Kitu cha kwanza walichokiona kilikuwa usafi. Ndiyo, usafi. Mtu mmoja mpenda unadhifu alikuwa amechukua waya wa kisu, waya wa pedali yake ya mguuni na waya za moyo, akazifunga zote pamoja kwa plasta ili zisizagae sakafuni.

Palipendeza, lakini kisu kilikuwa kinamwaga uchafu wake moja kwa moja kwenye waya za moyo, njia nzima.

Wakazifungua. Za kisu zikapita kulia, za moyo kushoto, na pale zilipolazimika kukutana wakazikatisha kama njia panda, zisitembee sambamba. Khalfani akatoa mfukoni kile kijiwe cheusi cha duara ambacho mafundi wa redio hukivisha waya ili kumeza mawimbi, akakivisha waya wa kisu karibu na mashine.

Kelele ikapungua. Haikuisha.

"Ukutani sasa," Zakayo akasema.

Na hapo ndipo walipomkuta yule mtu wa manesi.

Wabongo tunajuana. Chaja ina miguu miwili, soketi ina matundu matatu. Usipochokonoa tundu la juu, yale mawili ya chini hayafunguki. Kwa hiyo unachukua kalamu, kijiti, ufunguo, chochote kilicho karibu, unachokonoa juu, unasukuma chaja, simu inakula moto, maisha yanaendelea.

Sasa lile tundu la juu halikuwekwa kwa ajili ya kuchokonolewa. Ndimo unamoingia mguu wa waya unaokwenda ardhini, ambao mafundi wanauita ethi. Uchafu wote wa umeme unatakiwa kushukia humo.

Zakayo alizima umeme, akafungua soketi ya kisu.

Ndani ya tundu la juu palikuwa na kile kishikio cha kifuniko cha kalamu, plastiki ya bluu, imevunjikia humo. Mguu wa plagi ulikuwa unaingia vizuri kabisa na kukalia plastiki. Ardhi hauijui.

Wakatazamana. Halafu wote wawili wakamtazama Sofia, kwa sababu kalamu yake ilikuwa mfukoni, ya bluu, haina kifuniko.

"Msinitazame mimi!" akasema. "Hiki kifuniko kiliibwa zamani!"

"Dada Sofia, ulikuwa unachaji simu humu thieta?"

"Nani hachaji?"

Khalfani alikuwa anasimulia hapo huku anafuta machozi ya kucheka. "Mke wangu," akaniambia, "watu walishataka kuleta shehe na mchungaji. Kumbe ni kalamu."

Walibadilisha soketi, wakawasha kisu. Skrini ikatulia.

"Kwa hiyo kelele imeisha yote?" nikamuuliza.

Aliangalia pembeni, kule mama alikolala.

"Imebaki moja ndogo," akasema. "Lakini haitamsumbua mama."

Alipovua shati kwenda kuoga nikakuta kibandiko kimoja bado kimeganda ubavuni, cheupe, na chuma katikati. Nikakibandua. Akaguta kwa maumivu, nikamwambia ana utoto.

*

Asubuhi alikwenda kukaa mbele ya mama, mbali kidogo, mikono imekunjwa.

"Mama, nimeona. Haukuwa moyo wako. Ni waya na kipande cha kalamu."

Mama akajiinua, akakaa.

"Unaniapia?"

"Wallahi, mama. Moyo wako unasomeka."

Mama akalia. Halafu akaniambia nimletee uji. Halafu, bila haya, akaniambia na ile kanga ya zambarau niirudishe.

Siku ya upasuaji tulikaa kwenye benchi mimi na Khalfani. Zakayo alikuwa anaingia na kutoka. Kwenye moja ya safari zake nikaona vifungo viwili vya shati lake viko wazi, na katikati ya ule msitu wake pamenyolewa, peupe, duara tatu.

"Shem!" nikamwambia. "Kifua chako kimefyekwa kama Jangwani baada ya mafuriko. Nani kakufanyia hivyo?"

Nilitegemea utani. Zakayo ana jibu la kila kitu.

Akafunga vifungo. Akamtazama Khalfani.

"Alishindwa dau," Khalfani akasema haraka. "Tuliwekeana kwenye mpira. Kapigwa."

Nikacheka, nikasahau. Macho yangu yalikuwa kwenye ule mlango.

Sofia ndiye aliyetoka kwanza. Alikuwa ameshusha barakoa.

"Mama yako moyo wake kama saa ya ukutani," akaniambia. "Kisu kimewaka mwanzo mpaka mwisho, mstari haujatikisika."

Nilimkumbatia. Alinikumbatia na yeye, lakini macho yake yalipita juu ya bega langu kwenda kwa Khalfani, akamwambia kwa sauti ya chini, "Na wewe fundi, nakusubiri."

Nilidhani anamdai kazi nyingine.

Mama alirudi nyumbani na bandeji shingoni na sauti ya kukwaruza. Siku chache baadaye alipanda ngazi zote bila kushika ukuta, akasimama juu kunisubiri mimi niliyekuwa nahema na mifuko.

"Kijana wangu," akamwambia Khalfani kwa ile sauti mpya, "umenirudisha kutoka kwenye ile safari ya Lindi."

Khalfani akainamisha kichwa. "Ni Zakayo na daktari, mama. Mimi nilishika tochi."

Hilo ndilo jambo la mwisho ninalokumbuka wakilizungumza wawili hao.

*

Khalfani alianguka kibandani, mchana kweupe, nyundo zinagonga pande zote. Alikuwa anajaribu ampilifaya ya mtu wa harusi.

Watu wa vyuma waliniambia walisikia "haloo, haloo, moja". Wakasubiri mbili.

Wakadhani spika imekata.

Innalillahi wainna ilayhi rajiuna.

Sitaandika habari za mazishi. Sizikumbuki vizuri, na ninazozikumbuka nabaki nazo.

Zakayo alikuja kila siku ya msiba. Anapanga viti, anabeba maji, haongei. Watu walipopungua akaja akakaa chini, kwenye mkeka, mbele yangu.

"Shem, nina jambo lako. Nililibeba nikidhani siku mama anatolewa nyuzi nitakuja nikwambie. Khalfani akatangulia kabla ya siku hiyo."

Nikamsogelea.

"Alikwambia imebaki kelele moja ndogo?"

"Aliniambia."

"Basi. Tulipotoa ile kalamu, uchafu wote wa kisu ukaisha. Lakini kila baada ya kitambo mstari ulikuwa unaruka kabla ya wakati wake, halafu kimya, halafu unaendelea. Khalfani akasema, Zaka, bado kitu. Unamjua mwenyewe, haachi."

"Namjua."

"Tukazima kisu kabisa. Ikabaki. Tukazima kiyoyozi, ikabaki. Tukazima taa kubwa, friji ya dawa, tukachomoa kila plagi humo ndani. Mwisho tukachomoa na skrini yenyewe, ikawa inatumia betri yake. Hakuna hata uzi unaokwenda ukutani, shem. Na bado inaruka."

Akapangusa uso.

"Akacheka. Akaniuliza, Zaka, kelele isiyo na waya inatokea wapi? Ndipo Sofia akaacha dawa zake akaja. Akatazama, akatazama. Akasema, fundi, hiyo si kelele. Kaa chini."

Nilihisi mkeka unaondoka chini yangu.

"Hakuamini. Akasema basi skrini mbovu, tuijaribu kwa mtu mwingine. Sofia akanyoa hapa." Zakayo akagusa kifua chake. "Wakabandika. Mstari ukatoka safi kama umepigwa rula. Tukabaki tunatazamana watatu."

"Alijua?"

"Alijua siku ile ile. Sofia akampeleka kwa daktari wa moyo, akapewa vidonge, akaambiwa arudi. Vidonge viko kibandani, kwenye kopo la nati. Alikuwa anakunywa, shem, usidhani hakunywa. Alituapisha. Alisema nyumba yetu ndiyo kwanza imenyamaza kulia kwa ajili ya moyo, nisiwapelekee mwingine. Subirini mama apone."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hatukujua tangu lini. Alikuwa ameweka mkono pale kovu lilipo, akageuka, akarudi ndani.

*

Nimekaa na jambo hili, sasa nalisema, halafu nitapumzika.

Miaka yote ya ndoa nililala na sikio langu kwenye kile kifua. Nilikuwa najua kinavyopiga. Kinapiga, kinapiga, halafu kimoja kinakuja mapema kama mtu aliyejikwaa, halafu kimya kidogo, halafu kinaendelea. Nilikuwa nausubiri ule ukimya. Ndio ulionipa usingizi.

Tangu nikue sikuwahi kulala kwenye kifua cha mtu mwingine. Nilidhani mioyo yote inapiga hivyo.

Sijilaumu, na sitaki mtu aniandikie kunipa pole kwa hilo. Mimi ni muuza zipu. Ningejulia wapi?

Ila wewe unayesoma hapa, nakuomba mambo mawili. La dogo: acha kuchokonoa tundu la juu, nunua plagi yenye miguu mitatu.

Na la kubwa. Kuna mtu wako nyumbani ana kitu mmekizoea. Anahema sana ngazini, anashika ubavu akicheka, anasema ni uchovu tu. Mkizima kila kitu na kile kitu kikabaki, msitafute tena sababu nje yake. Mpeleke akapimwe wewe ukiwa umemshika mkono, na umwambie kwamba nyumba yenu ina nguvu ya kusikia habari yoyote. Khalfani hakujua kwamba yetu ilikuwa nayo.

Mama hajarudi Lindi. Anapanda na kushuka ngazi, ananipikia, ananiletea chai mpaka kwenye meza yangu ya vifungo. Jana usiku nilishindwa kulala, akanivuta kichwa akakiweka kifuani pake, kama nilipokuwa mdogo.

Moyo wake unapiga sawasawa. Haujikwai hata mara moja.

Sikupata usingizi.